Vyombo vya Kuazima

Alhamisi hiyo, baada ya swala ya alasiri, Zena alikuwa ameketi mkekani nyuma ya nyumba yake pale Newala, akiambua mbaazi mbichi na kuzidondosha kwenye bakuli. Ulikuwa mwezi wa nane. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, upepo ulikuwa unasukuma vumbi kutoka bondeni, na maji yalikuwa adimu kama yanavyokuwa kila mwezi wa nane. Zena alikuwa na furaha ya kiasi, kwa sababu jioni hiyo zamu yake ilikuwa inaanza.

Mumewe, Halfani, alikuwa dereva wa boza la maji na alikuwa na wake wawili. Zena aliolewa naye ujanani, akamzalia mtoto mmoja, Suleimani, ambaye sasa anafundisha Tandahimba. Faidha, binti wa Masasi, aliolewa naye mwaka juzi na kujengewa nyumba ukingoni kabisa mwa mji, pale ambapo ukisimama unaliona bonde lote la Ruvuma na Msumbiji kwa mbali. Mpango ulikuwa siku tatu huku na siku tatu kule. Zena hakuwahi kwenda kuiona nyumba hiyo. Alisema miguu inamsumbua. Miguu hiyo ilimpeleka sokoni, msibani, unyagoni na shambani bila neno, lakini ikielekezwa upande wa ukingoni ilianza kuuma.

Swaumu, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipiga hodi na kuingia kabla hajajibiwa.

"Mama Suleimani, umesikia ya kwa mwenzio?"

"Sijasikia. Kafanyaje?"

"Sufuria imeruka. Imetoka jikoni yenyewe, ikapita sebuleni, ikaenda kujipiga ukutani. Na mchuzi wake."

Zena aliambua ganda jingine. "Mchuzi wa nini?"

"Wa kuku."

Hapo ndipo mkono wa Zena uliposimama. Sufuria kuruka ni jambo la sufuria. Lakini kuku siku ya Alhamisi, siku ya mwisho ya zamu, wakati yeye kila zamu ikianza anaachiwa mbaazi na maneno kwamba boza limeharibika, hilo lilimkaa kooni. Alikuwa na wivu, na hakuna haja ya kulizungushia jambo hili maneno. Alikuwa na wivu tangu siku ya ndoa ile, wivu wa kula nao na kulala nao, ila hakuna aliyejua, maana alijiapiza kwamba hakuna mtu Newala nzima atakayesema mke mkubwa wa Halfani ana kijiba cha roho.

Ndiyo maana kila Halfani alipokuja kuazima kitu, alimpa bila kuuliza mara mbili. Kinu na mchi wake viliazimwa kwa ajili ya msiba wa dereva mwenzake, na msiba huo ulikuwa haujaisha mpaka leo. Mtungi wa maji aliofinyanga marehemu mama yake uliazimwa kwa ajili ya wazee wa msikitini. Ungo na mbuzi ya kukunia nazi viliondoka siku moja, kwa shughuli ambayo Halfani hakuikumbuka jina. Hata sufuria kubwa. Hata kiti cha mninga, alichokichonga mjomba wake kwa mti wa shamba la ukoo ili atakayemuoa Zena akija apate pa kukaa, nacho kiliazimwa, eti ofisini kwa maboza hakuna kiti cha kumfaa mtu mwenye mgongo.

Zena alisubiri virudi. Kwa watu wa uwanda ule kuna ustaarabu mmoja ambao hata mtoto anafundishwa: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiazima ungo, unaurudisha na viganja vya unga. Ukiazima sufuria, inarudi na chochote ulichojaliwa kupika. Zena alijifariji kwamba wenzake huko waliko bado wanatafuta cha kutia. Kwa muda huo alipikia sufuria ya Swaumu na kukaa mkekani.

Jioni ile Halfani hakuja. Alituma ujumbe kwamba nyumba ya ukingoni ina matatizo, vitu vinaruka, na haingekuwa uungwana kumwacha mwanamke peke yake. Zena alikula mbaazi zake na kulaza zilizobaki.

Siku zilizofuata mji wote ulihamia kwa Faidha. Kila alasiri kitu kiliondoka mahali pake na kwenda kugonga ukuta, hasa ule ulioelekea mjini, na plasta ikaanza kubanduka. Watu walikaa kwenye mabenchi yaliyoletwa na majirani, wakanywa chai ya Faidha, wakasubiri. Kinu kikianza kutikisika, waliinua miguu kukipisha, kisha wakaendelea na mazungumzo ya korosho. Swaumu alikwenda kila siku na kurudi kumpa Zena habari, na kila habari ilimchoma zaidi kuliko ile ya jana.

"Leo mtungi umezunguka chumba kizima."

"Mtungi gani?"

"Mtungi tu, wa udongo. Watu walipiga makofi."

Zena alilala chali akitazama kenchi. Kwake hakuna kilichowahi kuruka. Miaka yote ile katika nyumba ile, na taabu alizozila mle ndani, hata kijiko hakijawahi kusogea. Huyu kaja juzi kutoka Masasi, hajaifahamu hata njia ya kisimani, tayari vitu vinamrukia. Hata mashetani, aliwaza, yakiambiwa yachague yanachagua mdogo.

Wenye elimu nao walikwenda kueleza. Shehe Uwesu alisoma aya, akatembea nyumba nzima, akasema kuna jini mzee wa bondeni aliyezoea kupumzikia ukingoni pale kabla nyumba haijajengwa. Si mbaya, alisema, amezoea tu upepo wa pale. Kwa usalama, mwenye nyumba asitoke jua likishazama.

Mwalimu Dominic, mtu wa Bukoba anayefundisha fizikia sekondari, alimimina maji kwenye sahani, akaiweka sakafuni na kuinama kuitazama. Alisema uwanda wote huu ni mchanga juu ya mwamba laini, na ukingo unashuka pole pole, kwa hiyo nyumba imeinama na vitu vinateleza. Alipoulizwa mbona kinu kimeteleza kwenda juu hadi usawa wa dirisha, alijibu kwamba hilo linategemea pembe. Dawa yake ni uzito. Mtu mzito akae ndani muda wote, nyumba itulie. Watu walimtazama Halfani, ambaye alikuwa na kitambi cha kutosha.

Nesi Careen wa zahanati alimpima Faidha mapigo ya moyo. Alisema amewahi kusoma kwamba mwanamke kijana akiwa na hofu iliyojificha, nguvu ya hofu ile hutoka mwilini ikasukuma vitu vyepesi. Alikiri kwamba kinu si chepesi. Alishauri bibie asipewe mawazo na mumewe awe karibu.

Zena aliletewa maelezo yote matatu na Swaumu, moja baada ya jingine. Hakuwa na ugomvi na lolote. Kilichomkera ni kwamba yote yaliishia mahali pamoja, yaani Halfani abaki kule. Jini, mwamba na mapigo ya moyo, vyote vilikuwa upande wa Faidha.

Basi akaamua kwake nako kuruke.

Alichagua sahani ya bati, kwa sababu haivunjiki, akamwita Swaumu aje kuazima chumvi, na Swaumu alipogeuka akaivurumisha ukutani. Swaumu aliitazama sahani, akamtazama Zena, akachukua chumvi. Jumamosi ya wiki iliyofuata Zena alijitolea kikombe cha kauri. Halafu birika. Habari zilifika ukingoni kwamba na kwa mke mkubwa vitu vimeanza, na Jumatatu boza la Halfani lilisimama mlangoni. Hakuzima injini. Aliingia, akaokota kipande cha kikombe, akatazama alama ukutani, akaishika kwa kidole.

"Mama Suleimani, hiki umekitupa mwenyewe."

"Nani kasema?"

"Kimekwenda moja kwa moja. Vya kule vinapinda kona." Alikunywa maji akiwa amesimama. "Na umetumia mkono wa kulia."

"Zamu yangu imepita, Baba Suleimani. Na ya pili imepita."

"Na mimi nifanye nini? Mwalimu kasema uzito." Alirudisha kikombe, akaondoka na boza lake, maji yakimwagika kidogo kidogo nyuma. Zena alibaki na vipande mkononi, na kwa hasira aliyokuwa nayo angeweza kung'oa mlango. Mlango haukusogea.

Ndipo alipokuja mama mkubwa wake Faidha kwa basi la asubuhi kutoka Masasi. Alisikiliza maelezo yote, akatafuna korosho alizotengewa, akasema kwao mambo haya hayana haja ya sahani ya maji. Ni wivu wa mke mkubwa. Mke mkubwa anakaa huko kwake, wivu unatoka, unatembea, unafika hapa na kuvuruga vyombo vya mtoto wake. Watu waliona kwamba maelezo haya nayo yana mashiko. Shehe Uwesu akamtuma mtu kwenda kumwita Zena, kwa heshima zote, aje wazungumze.

Zena alipopata wito hakukasirika. Kwanza aliona kitu kinachofanana na fahari. Kumbe wivu wake, aliouficha na kuukandamiza hadi ukampa vidonda vya tumbo, ulikuwa na nguvu za kunyanyua kinu. Alioga kwa maji ya kujipimia, akavaa gauni la Idi na kanga mpya, akajipaka wanja. Miguu haikumuuma hata kidogo.

Nyumba ya ukingoni ilikuwa nzuri kuliko alivyoombea. Ilikuwa na baraza la saruji, dirisha la vioo, na tangi la maji la plastiki, jeusi, limejaa mpaka linatoa jasho. Watu walimsogelea, vijana wakamwamkia. Faidha alitoka mlangoni, amefunga kilemba, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Pole na matatizo, mdogo wangu," alisema Zena, na akaingia.

Mle ndani alisimama. Chini ya ukuta wa upande wa mjini, katikati ya vumbi la plasta, vilikuwa vimelala vitu vilivyokwisha kuruka siku hiyo. Sufuria yenye mfuniko uliobonyea, alioubonyeza Suleimani alipokuwa anajifunza kutembea. Mbuzi ya nazi yenye jino lililopinda. Ungo uliotiwa kiraka cha kitambaa cha gauni la Zena. Kinu na mchi wake. Mtungi wenye michoro ya vidole vya mama yake shingoni. Vyote vilikuwa vimeegemea ukuta ule kama mbuzi wanaosubiri kufunguliwa zizi. Na katikati ya sebule alikuwa ameketi Halfani, amejaza kiti cha mninga, mikono yake juu ya mikono ya kiti. Kiti kilikuwa kinalia chini yake kwa sauti ndogo, kikivutwa kuelekea ukuta uleule, lakini uzito ulikizidi.

Fahari ilimtoka Zena yote. Hakuwa amenyanyua chochote.

"Shehe," alisema, "hivi vitu ni vyangu."

Halfani alikohoa.

"Niliazima," alisema.

"Uliniambia msibani."

"Ndiyo. Niliazima vya msibani, halafu nikapitia hapa."

"Na mtungi wa msikitini?"

"Nao nilipitia nao hapa."

Shehe Uwesu alitikisa kichwa, akasema msikiti haujawahi kupokea mtungi wowote, ila si neno. Sasa jambo limeeleweka: jini wa bondeni ni mtu wa haki, anasukuma mali ya mtu irudi kwa mwenyewe. Mwalimu Dominic alisema hilo halipingani na mwinamo wa nyumba, maana kila kitu kina mahali kinapoelekea, ndiyo fizikia yenyewe. Nesi Careen alisema hofu ya Faidha huenda ilitokana na kupikia vyombo vya mtu. Mama mkubwa kutoka Masasi alisema mnaona sasa, si niliwaambia ni yeye. Kila mmoja alibaki na maelezo yake na wote waliridhika.

Faidha peke yake hakuridhika. Alikuwa amechutama mbele ya mtungi, anaupangusa vumbi kwa ncha ya kanga.

"Dada, mimi aliniambia kaninunulia," alisema kwa sauti ya chini. "Huu mtungi nilikuwa nausifia kwa watu. Nikisema mume wangu alikwenda kuuagiza mbali."

Zena alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa ile alikosa la kumchukia. Ilichukua muda mfupi tu. Kisha akaliona tena tangi jeusi kupitia dirishani, na chuki ikarudi mahali pake.

Shehe aliamua mlango ufunguliwe, vitu viende. Kwa Halfani alisema vya watu virudishwe, kwa sauti ileile ambayo mtu humkumbusha mwenzake kufunga geti, na Halfani akaitikia kwamba ni kweli kabisa. Hakuna aliyeuliza zaidi. Zena hakutaka kubeba chochote. Alitangulia kwenda kwake kwa haraka, kwa sababu wageni wakifika inabidi wamkute mwenyeji. Alifagia baraza, akamwita Swaumu, wakakaa.

Vilianza kufika kabla ya magharibi. Wa kwanza ulikuwa ungo, ukielea usawa wa kiuno, na ndani yake viganja viwili vya unga wa muhogo. Mbuzi ya nazi ilifuata ikiruka-ruka kwa miguu yake, na kizio cha nazi juu. Sufuria ilifika na mchuzi wa kuku, vipande viwili, paja na kidari. Kinu kilipanda njia ile pole pole kama mtu mzima, mtama umejaa hadi nusu, mchi ukibingirika nyuma. Swaumu alivipokea na kuvielekeza kila kimoja pake. Ustaarabu umezingatiwa, alisema. Zena naye akaitikia kwamba kweli umezingatiwa.

Mtungi ulikuja umejaa hadi shingoni na haukumwaga hata tone. Zena alichota kwa kata, akanywa. Maji yalikuwa baridi, safi, matamu, si haya ya chumvi anayopelekewa yeye mwisho wa mzunguko, tangi la boza likiwa limebaki na tope. Hilo nalo lilimuuma. Alichota tena.

"Mama Suleimani!" Swaumu alikuwa amesimama, mkono juu ya macho. "Anakuja!"

Zena aliinuka. Kule chini, kwenye barabara ya vumbi inayotoka ukingoni, kiti cha mninga kilikuwa kinakuja, kimeinuka shubiri moja hivi kutoka ardhini, na Halfani amekaa juu yake. Alikuwa na kofia yake ya kiua kichwani na kikoi chake, hana furaha wala hofu, kama abiria aliyepata siti ya dirishani. Kuondoka kwa vyombo vingine kulikuwa kumeipa njia nguvu, na uzito haukutosha tena.

Moyo wa Zena ulipiga hadi akausikia masikioni. Aliwaza: chombo hakirudi kitupu. Aliwaza: mjomba alikichonga kwa ajili ya hili. Alijifunga kanga upya, akajipangusa wanja uliochuruzika, akamnong'oneza Swaumu aweke kuku motoni apate moto. Wivu wote wa miaka miwili ulilegea ndani yake mara moja, akahisi mwepesi, akahisi kama yeye naye angeweza kuinuka shubiri moja.

Katikati ya njia kuna kioski cha maji, na jioni ile kilikuwa na foleni ya wanawake na ndoo za njano. Waliona kiti kinakuja, wakakipisha.

"Shikamoo, Baba Suleimani."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Unakwenda nyumbani?"

Halfani alitazama mbele, akaiona nyumba ya Zena, na Zena mwenyewe amesimama barazani na gauni la Idi. Kisha akateremsha mguu mmoja chini, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kushuka kwenye gari kabla halijasimama, akakimbia hatua chache na kiti, akakiachia. Alikung'uta kikoi. Aliomba maji kwa mmoja wa wale wanawake, akanywa, akashukuru, akageuka na kurudi ukingoni kwa miguu yake.

Kiti kiliyumba kidogo kwa kupungukiwa, kisha kikaja mbio. Kilipanda baraza na kutua mahali pake pa siku zote, kando ya mlango. Kilikuwa kitupu. Katika vyombo vyote vilivyorudi siku ile, ni hicho tu kilichorudi kitupu.

Swaumu alitazama pembeni. Zena aliweka kiganja juu ya kiti, akakuta bado kina joto. Alikikalia, akakaa mpaka kikapoa, na kuku akaungua.

Kesho yake asubuhi Halfani alisimamisha boza mlangoni, injini ikinguruma.

"Mama Suleimani, nimefuata kiti changu."

"Kiti cha nani?"

"Basi, nimekuja kuazima. Mgongo."

Zena alikuwa na hasira ya kutosha kumrushia kiti chenyewe, na safari hii kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amejiandaa usiku kucha kusema hapana, na hapana yenyewe alikuwa ameshaipanga ulimini. Badala yake aliingia ndani, akakitoa kiti, akakipangusa, akampa.

Jioni kiti kilirudi. Kilikuja na Halfani juu yake mpaka kwenye kioski, Halfani akashuka, kiti kikamalizia njia peke yake. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Wanawake wa kioski sasa wanaacha mwanya kwenye foleni yao saa ile, ndoo zisigongwe. Mwalimu Dominic huleta wanafunzi wa kidato cha tatu waone. Shehe Uwesu anasema jini ametulia, na kweli nyumba ya ukingoni imetulia, Faidha amepata vyombo vya plastiki, havina mahali pa kwenda. Anavipangusa kila siku hata hivyo, na huyo naye amejifunza kutazama barabara jioni, Halfani anapoondoka amekaa kwenye kiti cha watu, mpaka amwone anarudi.

Kuhusu zamu, Halfani amekwisha kulitolea maelezo. Anasema kila jioni anakuja nusu ya njia, na nusu ya siku sita ni siku tatu, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Shehe alilifikiria jambo hili na kuahidi kulitazama vitabuni. Bado anatazama.

Swaumu ndiye anayekasirika siku hizi. Juzi, wakiwa barazani, kiti kimeonekana kule chini, alishindwa kujizuia.

"Kwa nini unampa, shoga? Kila asubuhi unampa. Mnyime, akakae chini."

Zena alikuwa anakoroga mbaazi kwenye sufuria yake mwenyewe. Alifunika, mfuniko ukakaa upande kama ulivyozoea.

"Visima vya karibu vimekauka," alisema. "Anafuata maji mbali sana, alfajiri anatoka, jioni ndiyo anarudi. Jana pale kioski alipiga miayo, nilimwona. Na juzi alikuwa amefumba macho, amefumbua pale pale penye kushukia."

"Sasa?"

"Siku moja atasinzia."

Alipakua sahani mbili, akaifunika moja kwa kawa. Kisha akasogea ukingoni mwa baraza ili aone vizuri.